Rafu ya Lugha za Kigeni

Lodwar,
20 Februari 2012

Mpendwa mdogo wangu Nyariek,

Ejok? Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia kifua chako. Sisi huku tupo, jua linatuchoma kama kawaida yake. Shemeji yako Lokiru bado yuko Lokori na biashara yake ya mbuzi. Nikimpigia simu anasema anakuja wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo yake mimi sijaiona kwenye kalenda yoyote. Tangu umalize fomu foo hapa kwangu ukarudi kambi ya wakimbizi Kakuma, nyumba imekuwa kubwa mno. Napika chai ya watu wawili, halafu ndiyo nakumbuka.

Sasa sikia habari. Vitabu vipya vimefika maktabani! Katoni zilipangwa hadi dirishani, kila siku nagonga mihuri na kubandika lebo mpaka vidole vimegeuka zambarau. Kuna hadithi, kuna vya sayansi, kuna vya watoto vyenye picha za wanyama ambao hata sisi hatuwajui. Chini kabisa ya katoni moja nikakuta vitabu vyembamba vya lugha ambayo hakuna mtu hapa aliyeijua. Bosi wangu Cornelius akatazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Hiki ni Kijerumani." Kijerumani, Nyariek! Mimi nikaona Thok Nath juu ya jalada, nikakumbuka wewe ndivyo unavyoiita lugha yenu ya Kinuer. Nusura nimkumbatie Cornelius kwa furaha.

Nimevipanga vizuri kwenye rafu ya Lugha za Kigeni, kati ya Kifaransa na Kiarabu. Ombi langu ni uje uniambie vinasema nini. Huku kwetu kitabu kipya hakiazimwi mpaka kikae kwanza rafuni watu wakione, kwa hiyo siwezi kukutumia. Njoo mwenyewe. Kitanda chako hakijalaliwa na mtu.

Ni mimi dada yako,
Akiru

*

Kakuma,
11 Machi 2012

Dada Akiru mpendwa,

Maale! Mimi ni mzima, kikohozi kiliisha mvua ilipogoma kunyesha. Nafundisha darasa la pili, watoto ni wengi hadi wengine wanakalia dirisha. Salamu kwa shemeji, akipatikana.

Nilienda kuomba kibali cha kusafiri. Afisa akauliza, unaenda Lodwar kufanya nini? Nikasema kusoma vitabu. Alicheka mpaka akafuta macho. Akaniambia kibali ni cha hospitali, shule, ama matanga, na kama ni vitabu nisome vya hapa. Kwa hivyo siji, dada. Niko hapa na wewe uko pale, na katikati ni ile barabara tu.

Lakini kuna kitu nataka kukwambia na usikasirike. Rafu ya Lugha za Kigeni? Mimi nimezaliwa Kakuma. Mama yangu amezikwa Kakuma. Kiturkana nimejifunza nikicheka na watoto wa mtoni kabla sijajua kushika kalamu. Na Kiingereza kiko wapi hapo maktaba? Kimekaa rafu ya katikati kama mwenye nyumba! Chenyewe kilitoka wapi?

Sijakasirika. Haya, nimekasirika kidogo. Ni vile siku hizi hasira iko karibu. Tangu Sudan Kusini ipate uhuru majirani wanafunga mizigo mmoja mmoja. Mjomba Bichiok, ndugu wa mama, alienda Juba mwaka jana. Block yetu ilikuwa na kelele hadi tulikuwa tunagombana. Sasa nimebaki mimi na kuku, na hata kuku wanaonekana wamechoka kunisikiliza.

Mdogo wako,
Nyariek

*

Lodwar,
2 Aprili 2012

Nyariek wangu,

Ejok nooi? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulipigwa na barua yako, na ulistahili kupigwa. Niliisoma nikasimama palepale, nikavitoa vile vitabu, nikavipeleka rafu ya Lugha za Kwetu, kando ya Kiturkana. Vikakaa vizuri kama watu waliozoeana.

Asubuhi yake nikakuta Cornelius amevirudisha. Nikavihamisha. Akavirudisha. Tulifanya hivyo bila kusemezana hata neno, kila mtu anajifanya anafagia. Mwishowe akaniita. "Akiru, kama ni lugha ya kwetu, nani hapa kwetu anaisoma?" Na kweli hakuna aliyevifungua. Wanafunzi wanapita wakitafuta vya mitihani, na wazee wanakuja kwa ajili ya magazeti na kivuli.

Basi nikamganda kama kupe. Asubuhi nilimsalimia kwa hilo na jioni nilimuaga kwa hilo. Nikamwambia rafu yenye msomaji iko Kakuma. Jana amesema, "Peleka, lakini mtu akija kuviulizia wewe ndiye utajua la kumwambia." Ndiyo hivyo, nimempa Lopeyok, yule dereva wa lori la mahindi. Vyote. Visome hadi vichakae, kisha uniandikie ndani mna nini.

Dada yako aliyekosea na kujirekebisha,
Akiru

*

Kakuma,
17 Juni 2012

Dada Akiru,

Maale sana! Vitabu vilifika, kimoja tu ndicho kilikuwa na unga. Mungu ambariki Lopeyok, ingawa alinitania njia nzima ya kutoka sokoni eti nimeolewa na maktaba.

Sasa nikuambie. Nilijaribu kuvisoma peke yangu nikaona aibu. Maneno mengine siyajui! Kuna ukurasa wote wa rangi za ng'ombe, na mimi nimekua na mgao wa mahindi na maharagwe, ng'ombe nitamjulia wapi? Nikavipeleka kanisani baada ya ibada. Mama Nyaluak, ambaye hata salamu huzitoa kwa kubania, alinisikia nikikosea rangi moja. Akaja kukaa karibu. Wenzake nao wakaja. Sasa kila Jumapili nasoma wao wananisahihisha, wanabishana, wanacheka, na mmoja analia kidogo. Wananiambia, ng'ombe wa namna hii alikuwa wa baba yangu.

Dada, sijawahi kuwa na watu wengi hivyo. Halafu kivuli cha kanisa kikihama kila mtu anaenda na wake, mimi nabeba vitabu kurudi nyumbani. Hapo ndipo Jumapili inakuwa ndefu. Laiti ungekuwa karibu nije ninywe ile chai ya pili.

Mdogo wako,
Nyariek

*

Kakuma,
25 Agosti 2013

Dada yangu Akiru,

Habari za huko na afya yako? Macho yanaendeleaje, ulienda kupimwa miwani? Mimi ni mzima, ila usingizi ndio umenikataa, na sababu ni hii.

Mtoto wa Mama Nyaluak aliyeko Juba alimwambia Mjomba Bichiok kuwa kambini kuna msichana anasoma Thok Nath kanisani hadi wazee wanalia. Mjomba amepiga simu. Kuna shule karibu na kwake inatafuta mwalimu wa kufundisha kusoma lugha hiyo, na vijana wengi wa huko hawajui, walikulia kambini kama mimi. Anasema, "Njoo nyumbani." Dada, alisema nyumbani, na mimi Juba sijawahi kuiona hata kwa picha nzuri.

Nikienda nitarudisha kadi ya mgao, na ukiirudisha umeaga kambi. Mama Nyaluak anasema niende. Mchungaji anasema niombe. Lakini hao hawakunilea. Wewe ndiye ulinisuka nywele asubuhi ya mtihani. Niambie wewe. Ukisema baki, nitabaki, na sitakulaumu hata siku moja.

Mdogo wako,
Nyariek

*

Lodwar,
3 Septemba 2013

Nyariek mpenzi,

Salamu nyingi. Miwani nimepata, sasa naona vumbi lote ambalo nilikuwa nimesamehewa.

Nilikuandikia "baki" kisha nikaichana. Nikaandika tena nikachana tena. Ukweli ni kwamba mwaka mzima nimekuwa nikimsumbua Cornelius akuajiri hapa. Nilishakuona kabisa umekaa kwenye meza ya pili, unanicheka. Ameuliza juu, ameuliza chini, jibu ni lilelile: bila kitambulisho cha Kenya hakuna kazi. Sasa nikuambie ubaki, ubakie nini? Ubaki ili mimi niwe na wa kumwandikia?

Mimi ndiye nilituma vile vitabu nikidhani nakuvuta karibu. Kumbe nakupa nauli ya kwenda mbali. Nimelia, sikufichi.

Nenda, mdogo wangu. Nenda na vitabu vyote, Cornelius nitajuana naye. Nenda ukafundishe watu wako, na ukifika nipigie nisikie tu sauti.

Dada yako,
Akiru

*

Lodwar,
22 Desemba 2013

Nyariek,

Sijui pa kuituma hii. Nilimpelekea Lopeyok, akasema hakuna lori linalovuka mpaka sasa, bora niiweke.

Redio inasema Juba wanapigana. Inasema watu wanaulizwa kabila mlangoni, na Wanuer hawaachwi. Simu yako inaita mara moja halafu yule mwanamke wa mashine anaanza kuongea. Nimempigia hadi naijua pumzi yake. Lokiru amekuja kwa Krismasi, ameniletea mbuzi, na mimi nakaa naye sioni kama kuna mtu ndani.

Ulisema nikisema baki utabaki. Nilikuwa na hilo neno mkononi. Jamani, Nyariek, nilikuwa nalo! Kama uko hai usinisamehe sasa hivi, niambie kwanza kwamba uko hai.

Dada yako

*

Kakuma, kituo cha mapokezi,
30 Desemba 2013

Dada Akiru,

Niko hai. Naandika hapa chini ya hema, karatasi nimeomba kwa mtu. Natumaini nyumbani ni wazima.

Vitabu viliungua na shule. Mjomba tuliachana kwenye lango la kambi ya Umoja wa Mataifa, watu walisukumana, mkono wake ukatoka kwangu. Sijui alipo. Siwezi kuandika zaidi hapo.

Nilipata lori la Mturkana mmoja wa Lokichoggio. Kabla ya Kapoeta kulikuwa na kizuizi, wanajeshi wanashusha watu na kuuliza kabila. Usoni sina alama za kabila, unajua. Nikawajibu kwa Kiturkana, nikasema mimi ni Akiru Lomunokol wa Lodwar, nafanya kazi maktaba. Dada, nilichukua jina lako lote. Mmoja alikuwa Mtoposa, lugha yao na Kiturkana ni ndugu. Akanijaribu, akasema aliwahi kufika Lodwar, wanaouza vikapu wanakaa upande gani? Nikamwambia wanakaa kando ya barabara na kila siku wanagombana na watu wa mikokoteni. Akacheka, akaniambia panda. Vijana wawili tuliokuwa nao hawakupanda. Walikuwa wamesema majina yao ya kweli.

Hapa nimepangwa foleni ya wageni wapya. Nimewaambia mimi nimezaliwa kule ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, block yetu naiona nikisimama. Wanasema nilirudisha kadi, sasa nimetoka Sudan Kusini. Nyumba yangu wamepewa wengine, na Mama Nyaluak alikufa Novemba.

Karani ameniuliza kama nina ndugu yeyote Kenya. Nikasema ninaye, dada yangu, Akiru Lomunokol, yuko Lodwar. Akaangalia jina, akaniangalia mimi. Akasema huyo ni Mturkana, huyo si ndugu yako. Nikamwambia aandike tu. Ameandika kwa penseli, anasema kuna mtu atakupigia kuuliza kama ni kweli.

Dada, wakipiga, sema ndiyo.

Nyariek