Kura ya Bwenini

Ifakara,
16 Juni 2025

Dada yangu Agnella,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Evod na watoto, na kwamba goti limepunguza kukusumbua sasa mavuno yanapoisha. Mimi sijambo, ila nimekukumbuka kupita kiasi. Kutoka hapa hadi kwako Mngeta si mbali, lakini kila nikipanga safari najitafutia kisingizio.

Kama ulivyosikia, chuo kimenipa likizo ya mwaka mzima, nami nimekuja kufundisha vijana wa huku sayansi kila Jumamosi, katika ukumbi wa parokia. Tunaunda feni ya kupepetea mpunga, inayoendeshwa kwa pedali za baiskeli. Juzi Happyness, binti wa mzee Masanja, yule mfugaji wa Lupiro, aliniuliza kwa nini mkono wa pedali ukiwa mrefu kazi inakuwa nyepesi. Nikajaza ubao kanuni na Kiingereza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Profesa, samahani, tuambie kama unavyoongea nyumbani.”

Nikakwama, dada. Uprofesa wote ukaniishia pale. Ndipo nikakukumbuka kule bwenini tulipokuwa tukisoma pamoja, ulivyonishika mkono ukanifanya nisukume mlango karibu na bawaba, halafu kwenye kitasa. Nikawapanga foleni mlangoni, wakasukuma mmoja mmoja. Wakacheka, wakaelewa. Happyness akataka kujua nani alinifundisha hivyo. Nikasema ni dada yangu. Akauliza, “Anafundisha chuo gani?”

Nikageuka, nikaanza kufuta ubao.

Baba alipofariki, mama alituandikia kwamba mmoja wetu arudi kumsaidia kulea wadogo, tuamue wenyewe. Tukapiga kura. Vikaratasi niliandika mimi. Ukatangulia kuokota, ukasoma “nyumbani”, ukaanza kufungasha sanduku huku ukinibembeleza mimi niliyekuwa nalia. Hukuniomba nifungue changu.

Dada, vyote viwili niliandika “nyumbani”.

Mama tulimzika hajui. Kila cheti nilichopewa tangu siku ile, nilikipokea huku macho yakikutafuta kwenye viti vya wageni, ilhali sikuwa nimekualika. Niliogopa ungenipongeza.

Sikuombi unisamehe upesi. Wasalimie wote hapo, na yule wa mwisho mwambie mama mdogo anamuulizia. Basi la Mngeta likifika stendi ya hapa jirani, hujikuta nimetoka nje kutazama wanaoshuka. Njoo, dada, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Balbina