Cheti cha Ndoa Nilichokificha Kwenye Droo

Mtaa wa Mabini,
Lunhaw, Iloilo.
14 Mei 2025

Mpendwa dada yangu, Manang Delfina,

Kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango. Nakuomba kwa jina la marehemu bibi yetu, Lola Pasing, aliyetulea sote wawili kama mtu na dada yake ingawa tu binamu: haya ninayokuandikia yasitoke kinywani mwako, hata neno moja, na hasa yasimfikie Nanay mpaka nimwambie mwenyewe. Ndiyo maana nimekuandikia kwa karatasi na kuituma kazini kwako. Mnaishi nyumba moja huko Honolulu, simu zenu mnaziacha mezani, na unamjua mama yangu: chochote kikilia, yeye ndiye wa kwanza kusoma.

Hujambo lakini? Mgongo wako unaendeleaje? Wale wazee unaowahudumia, yule aliyekuwa akikuita kwa jina la marehemu mkewe bado yupo? Sisi huku tu wazima. Uchaguzi ulipita juzi na mabango bado yananing'inia hadi kwenye lango la kanisa. Mjomba wetu Tiyo Berting sukari yake imeshuka, ila wali hajauacha, anasema daktari naye anakula. Mimi mwili hauna ugonjwa wowote.

Bila shaka Nanay amekwisha kukuambia kwamba barua ya usaili imetoka. Natakiwa Manila tarehe 19 Juni, nipimwe afya, nile kiapo mbele ya ofisa, kisha viza ya ukaazi wa kudumu. Miaka kumi na moja tangu alipoweka ombi la kunichukua kama binti yake asiyeolewa. Aliponipigia alilia mpaka nikashindwa kumsikia. Alisema amekwisha kununua kitanda changu, na kwamba wewe ndiye uliyechagua shuka.

Manang, mimi nimeolewa.

Nimeolewa tangu Januari mwaka jana, mbele ya hakimu, na Rodel Magbanua. Unamkumbuka. Ni yule uliyemcheka kwa kuvaa miwani ya jua kwenye mazishi ya Lola. Hakuwa anajishaua; macho yalikuwa yamemvimba kwa kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, naye hakutaka kukosa mazishi.

Sitajitetea kwamba sikujua. Karani wa ofisi ya msajili wa ndoa na vifo kama mimi hawezi kusema hivyo. Ombi la mtoto asiyeolewa linakufa siku mtoto huyo anapoolewa, maadamu mzazi wake hajapata uraia. Watu wananiuliza swali hilo dirishani, nami nawajibu bila kufungua kitabu. Lakini foleni ilikuwa haijasogea kwa miaka, Rodel alikuwa ametimiza miaka thelathini, na mimi nilichoka kuishi kama mzigo uliofungwa kamba ukisubiri gari. Nikajidanganya kwamba ombi lile halitafika kamwe.

Na nilificha vizuri, hilo ndilo linalonitisha zaidi. Sheria inataka tangazo la wanaotaka kuoana libandikwe ubaoni siku kumi. Nililibandika kwa mkono wangu, kisha nikabandika juu yake tangazo la chanjo ya mbwa. Baada ya ndoa, nakala za cheti zilipoletwa kutoka kwa hakimu ili ziandikishwe na kupelekwa Manila, aliyezipokea ni mimi. Niliziweka kwenye droo yangu, chini ya daftari la vifo la zamani, nikafunga kwa ufunguo. Zimekaa humo mwaka mmoja na miezi minne. Kwa Manila, mimi bado ni mwali.

Barua ya usaili ilipofika niliogopa, nikamwendea Tiyo Berting nyumbani kwake pamoja na Rodel. Nilitaka mtu mzima aniambie la kufanya. Ulimi wa mjomba wako unaujua.

"Karatasi iko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye droo yangu, Tiyo."

"Sasa unalia nini? Mungu kakupa droo, kakupa na kiberiti. Choma! Nenda Amerika mwali, kaa miaka miwili, rudi uolewe na huyuhuyu. Nguruwe nachoma mimi mwenyewe, mzima, na ngozi yake ikauke mpaka ilie mdomoni."

"Hakimu naye ana nakala."

"Hakimu mwenyewe hakumbuki alikula nini asubuhi. Ah, Inday, binti yangu! Umesoma mpaka umeanza kuogopa makaratasi yako mwenyewe. Nusu ya mtaa huu imeondoka hivyohivyo."

Hapo Rodel akasema polepole, "Tiyo, mimi siwezi kuwa mchumba wa mke wangu."

"Wewe Nonoy, kijana, chomelea na mdomo wako huo," akamjibu. "Wanaume wenzako wanangoja miaka kumi hata hawaguni."

Usinione mtakatifu. Wiki nzima nililiwaza jambo hilo. Mara mbili nilizitoa nakala zile kwenye droo, na mara ya pili niliziingiza kwenye mkoba wangu, nikatembea nazo hadi sokoni na kurudi. Najua njia wanayopita wengine. Najua pia inakoishia, maana baadhi yao huishia dirishani kwangu.

Mwaka jana alikuja mwanamke mmoja kutoka kijiji cha juu. Alikuwa ameondoka kama mwali, ameacha mume na siri. Akakaa huko miaka tisa, akawa na kazi nzuri na gari. Siku alipoomba mume amfuate, maofisa walilinganisha tarehe: ndoa imetangulia viza. Hawakumpa mume, na yeye mwenyewe wakamnyang'anya ukaazi. Alikuja kutaka nakala ya cheti kilekile cha ndoa kwa ajili ya wakili, na mimi ndiye niliyemtolea. Alinishukuru kwa sauti ndogo, akasahau mwavuli wake kwenye kiti. Mpaka leo hajaurudia.

Kwa hiyo nilikaa na Rodel mezani tukazipima njia zote, kama watu wanaochagua kiwanja cha kujenga. Kwenda kama mwali maana yake ni kwamba kila karatasi nitakayomwombea Rodel baadaye itakuwa ushahidi dhidi yangu. Ama nimtupe, ama nijishitaki. Kwenda kwa viza ya matembezi na kutorudi, hapana. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia jinsi yule mwenzako wa kazini anavyoshtuka kila kengele ya mlango ikilia. Ipo njia ya Nanay kula kiapo cha uraia na kuanza upya, aniombee kama binti aliyeolewa. Hiyo ni halali na nitamsihi asiiache. Lakini foleni yake ni ndefu kuliko hii iliyokwisha. Huenda tukaitwa tukiwa na mvi.

Ikabaki njia moja ambayo hakuna aliyeihesabu, kwa sababu katika ukoo wetu aliyesoma ni mimi, na kila mtu aliamini mlango utafunguliwa na vyeti vyangu. Mwezi Februari Rodel alifanya jaribio la kuchomelea mbele ya watu wa kampuni moja ya Australia, akafaulu. Wakala wao ana leseni. Nimeikagua namba yake mara tatu, na mara ya nne nilikwenda Iloilo mjini kuiona ukutani. Viza ni ya kazi ya ujuzi, ya miaka minne, na mke anaandikwa kwenye ombi lilelile la mume. Akitimiza masharti, baada ya muda anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Siyo ahadi. Ila hakuna mstari hata mmoja ambao nitausaini nikitetemeka.

Sasa sikiliza kilichonikalisha chini. Karatasi ya kwanza wanayodai kwangu ni cheti cha ndoa kutoka Manila. Cheti hicho hakiwezi kutoka Manila maadamu nakala zangu ziko kwenye droo. Karatasi ileile inayofunga mlango wa Honolulu ndiyo inayofungua huu mwingine, nami nilikuwa nimeikalia.

Leo asubuhi nimeitoa. Nimeandika maelezo ya kucheleweshwa, nikataja kwamba aliyeichelewesha ni mimi, nikasaini, nikaenda kusimama mbele ya meza ya Bi. Gallego, msajili wetu. Alisoma, akavua miwani, akasema:

"Inday, kumbe ndiyo maana lile tangazo la mbwa lilikaa pale mpaka mbwa wenyewe wakafa!"

Kisha akaacha kucheka. Aliniambia lazima aniandikie barua ya onyo, pengine nitasimamishwa kazi, na kwamba ningekuja kwake mwaka jana angenisomea risala ya dakika tano tu yakaisha. Nilimjibu kwamba onyo nitalipokea. Akagonga muhuri. Saa nne nakala yangu iliondoka pamoja na nyingine za mwezi huu. Mchana nikatuma barua kwa watu wa usaili wa viza kuwajulisha kwamba nimeolewa, na nani na lini. Nilirudi ofisini nikahudumia watu sita. Hakuna aliyejua.

Kwa hiyo hayo yamekwisha, Manang, na usinishauri niyarudishe. Siogopi tena maofisa. Namwogopa Nanay. Miaka kumi na moja anatandika vitanda vya hoteli kwa magoti yale ili siku moja nilale kwenye kitanda kimoja alichonunua yeye. Nimemnyang'anya siku hiyo kwa siri, na siri ndiyo iliyo dhambi, siyo Rodel. Sitaki asikie kwa Tiyo Berting wala asome kwenye barua ya serikali.

Nitampigia Jumapili, tarehe 1 Juni, nikitoka misa. Saa sita mchana kwetu ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni kwenu. Tafadhali uwepo nyumbani. Usimwandae kwa lolote, usipike chakula cha pekee, atashtuka. Kaa karibu tu. Akikata simu, mwache. Akisema mimi si mwanawe, usimbishie kwa niaba yangu. Mpe maji, umwambie nitapiga tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka apokee.

Nisalimie Manong Arturo mumeo, na Kimberly na mdogo wake, waambie mama yao mdogo anashukuru kwa zile picha. Rodel anakusalimu kwa heshima zote. Tiyo Berting naye anakusalimu ingawa kwa sasa hasemi nami. Mola akulinde kazini na njiani, akutulizie mgongo, na ampe Nanay moyo mpana kuliko kosa langu.

Ukitaka kunijibu kabla ya tarehe 1 Juni, usipige ofisini, simu ile inasikilizwa na watu wawili. Nitumie ujumbe kupitia namba ya Rodel iliyo nyuma ya ukurasa huu, useme tu kwamba umepokea. Baada ya tarehe hiyo, niandikie kwa posta, hapahapa Mtaa wa Mabini, nyumba ya pili baada ya duka la mchele. Na kwenye bahasha uandike jina langu lote, Lorelie Sumagaysay Magbanua, kwa herufi kubwa. Mleta barua atamwuliza kila mtu mtaani huyo ni nani. Mwache aulize.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,

Lorelie