Bia ya Ukwaju

Kibwezi

Kaka Muigai,

Huku mvua imeanza, na mimi ninajifunza kutengeneza bia ya kimea cha wimbi na ukwaju. Mara ya kwanza nilizidisha hamira, chupa mbili zikapasuka jikoni. Ya pili ikatoka chungu. Ya tatu nilimpelekea Baba chumbani. Nilikuficha, kaka: tangu tumzike Mama alikuwa hali vizuri wala haongei, amekonda sana.

Alionja, akakunja uso.

"Shiru, hii umeipunja sukari."

Nililia. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya wiki tatu. Kisha akauliza kama kuna ugali.

Njoo Krismasi. Baba anasema atakumiminia yeye mwenyewe.

Dada yako anayekungoja,
Shiru