Kompyuta Yako Bado Inawaka, Mayu

Mayu Kabula,

Mwangaluka. Nakuamkia kwa Kisukuma chetu kama nilivyokuwa nakuamkia kila asubuhi ukitoka chumbani na mswaki mdomoni, nawe unaitikia kwa kichwa tu kwa sababu mdomo umejaa povu. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu ungali mchanga nilikuita mayu, yaani mama. Ulipopata akili ukaanza kuutumia umama huo kunikaripia. "Mwanangu, mbona hujala?" Binti wa darasa la pili, mikono kiunoni. Siku hizi hakuna wa kunikaripia. Nakula nikikumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya kompyuta yako. Najua ungeniuliza habari zake kabla hata ya habari za mguu wangu huu mbovu. Ilikufa, mayu. Sasa imepona, lakini haikurudi ilivyokuwa, na nilitakiwa kuamua mambo ambayo nilitamani uwepo tuyaamue pamoja. Mdogo wako Masanja alitaka niiondoe, niifunge nyumba hii ya Nyasubi hapa Kahama, nihamie kwake Runzewe. Nikamwomba anisubiri mpaka mpunga uvunwe. Mashine ikishindikana, nilimwambia, nitafunga virago nije.

Unakumbuka nilivyoileta? Pale mgodini nilipokuwa mlinzi wa geti, ofisini walikuwa wanabadilisha kompyuta, zile za zamani wakawauzia wafanyakazi. Wenzangu waligombea meza na makabati. Mimi nikachukua hiyo, kwa sababu ulikuwa umemaliza kidato cha nne na unashinda mlangoni kwa watu wa steshenari ukitazama wanavyochapa. Ilifika Kahama kwa bodaboda. Sipiyu imefungwa nyuma kwa mpira, kioo nimekipakata kimeviringishwa blanketi. Mama Zawadi wa nyumba ya pili akatoka mbio jikoni, mwiko mkononi. "Jamani poleni, nani anaumwa?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi na sketi yako ya kanisani.

Ilikuwa imeshachokea ofisini kwa watu. Iliwaka polepole kama mtu anayeamshwa alfajiri kwenda kupalilia. Mimi nikaanza kujuta, wewe ukaniambia, "Baba, mashine haizeeki haraka hivyo. Hii imechafuka tu."

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani unatandika mkeka uani, unachukua bisibisi, unaifungua. Mashine ya kukoboa mpunga iko nyuma ya ukuta wetu, na pumba lake linaingia hata kwenye chumvi. Ulipuliza kwa pampu ya baiskeli, ukasugua kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Kazi yangu ilikuwa kuishika ile feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. "Ukiachia unaiua, baba!" Nilikuwa naishika kama nimeshika kifaranga. Herufi za kibodi zilipofutika ukaziandika upya kwa rangi ya kucha. Ikianza kusuasua, wengine wangetafuta cha kuongeza, wewe ulitafuta cha kutoa. Uliondoa michezo ya Masanja, akanuna siku nzima. Uliikatia na mtandao kabisa. "Mambo ya mtandao nitafanya kwenye simu," ulisema. "Huyu mzee kazi yake ni kuchapa."

Na ikachapa. Vijana wanaotafuta kazi migodini walikuja na barua zao za maombi wamezikunja mpaka zimeanza kuchanika. Walimu walileta mitihani, maharusi wakaleta kadi. Watu wa mjini walishabadilisha mashine mara mbili, mara tatu, na ya kwetu bado ilikuwa palepale barazani kwenye meza ya mninga, pamoja na printa yake, inanguruma.

Siku ulipokwenda hospitali uliiacha inawaka. Kulikuwa na mtihani wa Mwalimu Rehema haujaisha. Ukanishika bega ukaniambia nisiizime, unarudi jioni kuumalizia.

Nyumba ilipojaa watu wa msiba, shangazi yako Nkamba alifunika televisheni, akafunika kioo cha kabati, akaja na barazani akaifunika kompyuta kwa kitenge kizito, yote, mpaka chini. Kwake yeye nyumba yenye msiba haina kujitazama wala kutazama picha. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya kile kitenge kuna kitu bado kinapumua. Tuliporudi kutoka makaburini, baraza lilinuka plastiki iliyoungua. Shangazi akakifunua kitenge, akagusa, akauondoa mkono haraka. "Hata hii imemfuata mwenyewe," akasema, na akina mama wakaitikia, "Kweli." Sikumlaumu. Alikuwa anakulilia kwa njia aliyoijua.

Baada ya hapo, mayu, watu hawakuja tena. Nilikaa barazani nikawaona wanapita na karatasi zao kuelekea sokoni, wananisalimia kwa sauti ya chini kama wanapita karibu na mgonjwa. Walikuwa wananihurumia. Lakini mimi nilizoea nyumba yenye hodi. Kulikuwa na siku ambazo sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya redio, na ya mwisho ilikuwa ya redio.

Masanja alikuwa anapiga simu kila wiki.

"Baba, hilo dude wape wanunua vyuma chakavu."

"Watalikataa. Halina uzito."

"Basi ligawe. Huku wajukuu wako wapo. Unakaa huko peke yako kama mlinzi wa godauni."

"Mimi ni mlinzi, Masanja. Nimezoea."

"Ulikuwa unalinda kitu, baba. Sasa unalinda nini?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, nikakata simu.

Kesho yake niliiweka mashine kwenye toroli la jirani nikaisukuma mpaka kwa fundi Shija, yule mnene wa karibu na soko, ambaye hucheka kabla hajasema cha kuchekesha. Alipoiona alisimama akakunja mikono kifuani.

"Shikamoo," akaiambia.

"Marahaba," nikaitikia kwa niaba yake.

"Mzee, hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kutambikia!"

"Wewe ifungue kwanza, maneno baadaye."

Akaifungua. Akapuliza, pumba likatujaa machoni wote wawili. Pawa saplai, kile kiboksi cha kuleta umeme, ilikuwa imeungua na feni imeganda, lakini hivyo alikuwa navyo vya kuazima kutoka kwenye mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Tatizo likabaki diski. Aliniambia niweke sikio, nikasikia inakwaruza kama panya ndani ya debe.

"Hii inakata roho," akasema Shija, na safari hii hakucheka. "Naweza kukuwekea hizi mpya, nyembamba. Itawaka kabla hujakaa vizuri. Itakupa miaka mingine. Lakini windo, ile programu ya kuiendesha, lazima niipige upya, na vilivyomo nitaokoa vinavyookoleka."

"Na nikiiacha hivi ilivyo?"

"Leo itawaka. Utaitazama kwa siku chache, halafu itanyamaza moja kwa moja. Sasa mzee, chagua. Unataka ya kutazama au ya kufanyia kazi?"

Nilimwomba aiwashe kwanza nione. Ikachukua muda wake, kisha likatokea jina lako, na ile picha ya alizeti uliyoipiga mwenyewe. Mafaili yako yalikuwa yametapakaa kioo kizima kama maharage yaliyoanikwa. Nilikuwa nakugombeza kwa hilo, nawe ukinijibu kwamba unajua kila punje ilipo. Na ule mtihani ulikuwepo, umeishia katikati ya swali. Mayu, nilisimama pale na mfuko wangu mkononi kama mtu aliyeambiwa achague mlango. Nikiiacha, nitakuona siku chache. Nikibadilisha diski, itafanya kazi, lakini nikifika nyumbani nikaiwasha, hutakuwepo.

Shija akahamisha picha na karatasi zilizokubali kutoka, akaziweka kwenye flashi. Nyingine zilikataa. Ule mtihani ulikubali, picha ya alizeti ilikataa.

"Toa diski," nikamwambia.

"Una hakika, mzee?"

"Toa kabla sijabadili mawazo."

Nikageuka nikatazama barabara, ng'ombe wa mtu wakipelekwa mnadani. Sikutaka kuona jina lako likiondoka. Shija alifanya kazi bila redio, nadhani kwa heshima. Baadaye akanigusa mkono. Mashine ilikuwa nyeupe, safi, inasubiri.

"Inauliza jina la mwenyewe. Niandike nani?"

Kitu kimoja sijakuambia. Tangu tulipokuzika, watu wameacha kuniita Baba Kabula. Wewe ni kifungua mimba wangu, na jina hilo limenikaa kuliko nililopewa na wazazi. Lakini ghafla nikawa Baba Masanja, au Mzee tu. Mama Zawadi siku moja lilimponyoka, akaziba mdomo kwa kanga, akaomba radhi. Wanafikiri jina lako likitajwa litaniumiza.

Nilitaka kumwambia Shija aandike Kabula. Lilikuwa limefika mdomoni. Lakini iliyokuwa ya Kabula ndiyo nilikuwa nimetoka kuamuru itolewe, na kazi itakayofanyika sasa itafanywa na vidole vyangu, tena vibaya. Nikafikiri mpaka Shija akaanza kufunga bisibisi zake.

"Andika Baba Kabula."

Akaandika, herufi moja moja. Alipomaliza akanisogezea kiti. "Haya, karibu Baba Kabula, ijaribu." Nikakaa, nikaweka vidole viwili kwenye kibodi.

Nyumbani niligundua jambo ambalo flashi haikuweza kulibeba. Wewe ulikuwa umeifundisha majina ya watu wetu. Ukiandika Ng'wandu, Shija, Nkamba, ilinyamaza. Sasa inayapigia yote mstari mwekundu kana kwamba mtaa mzima umekosea. Nayabonyeza moja moja kama ulivyonionyesha, naiambia hapana, huyu ni mtu, huyu namjua. Ni kazi ya polepole. Sina haraka.

Nilitundika kipande cha boksi mlangoni: TUNACHAPA. Hakuja mtu. Nikawa naiwasha asubuhi, naitazama, naizima jioni. Nilishaanza kutafuta kamba za kufungia mizigo, nakuambia ukweli. Kisha mchana mmoja Mwalimu Rehema akasimama barazani, karatasi kaibana kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Karibu ndani."

"Nilikuwa naogopa kuja."

"Na mimi nilikuwa naogopa usije."

Akacheka kidogo, akafuta macho, akacheka tena. Tukaufungua mtihani wake, ule ulioishia katikati. Nikaanza kuumalizia kwa vidole viwili. Alivumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia. "Baba, hawa ni wa darasa la tano. Kwa mwendo huu watamaliza la saba hatujafika swali la mwisho!"

"Wakimaliza nitawachapia kadi za mahafali."

Tulipofika mwisho alinyoosha mkono kuelekea printa, nami nikamzuia. Nilikumbuka hukuwahi kuchapa karatasi ya mtu kabla hujamsomea kwa sauti. Hata barua ya maombi ya kazi uliisoma yote, kijana amekaa anasikiliza maneno yake mwenyewe, wengine wanaona haya, wengine wanasema, "Dada, kumbe nimeandika vizuri hivyo?" Mimi nikiwa chumbani nimelaza mguu, ndivyo nilivyoijua Kahama, kwa sauti yako. Basi nikasoma. Maswali ya kwanza, yale uliyoyachapa wewe, yalinishinda. Mwalimu Rehema alisogeza kiti, akasoma hayo ya kwanza yeye. Nilipoweza, nikasoma yaliyobaki.

Aliwaambia walimu wenzake. Si wengi wanaokuja, na wanaokuja wanajua nachelewa. Wengine wananiachia karatasi leo wanafuata kesho. Juzi Masanja alipiga, mpunga umeshaingia ghalani.

"Umeamuaje, baba?"

"Nabaki, mwanangu. Kuna watu wanakuja Ijumaa kuchukua kazi zao."

"Basi likizo nitakuletea watoto," akasema. "Lakini ukiugua usinifiche." Nikamuahidi.

Sikudanganyi, mayu. Jioni bado ni ngumu. Watu wakishaondoka na karatasi zao, nyumba inakuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. Nakaa kwenye kiti chako, ambacho nimekishusha kidogo kwa ajili ya mguu, natazama kioo kilichoandikwa jina langu lenye jina lako ndani yake. Kuna siku nawasha mashine bila kazi yoyote, ingurume tu. Nadhani usingenicheka. Au ungenicheka, halafu ungeniletea chai.

Wabeja, mwanangu. Asante kwa umama wako wote kwangu, hata kwa makaripio. Nilitaka kukuandikia na habari za shangazi na za kisima cha kanisani, lakini kuna mtu anapiga hodi barazani, na nimeshamwitikia karibu. Acha nikamsikilize.

Mwanao na baba yako,

Baba Kabula