Neno Lililozaliwa Mkononi

Nyumbani,
14 Novemba

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe, na binti yako hajambo? Meno yake ya mbele yaliyong’oka yameshaota? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atafagia, kana kwamba uchafu umewekeana naye miadi.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba ungali begani. Mistari sita! Na katika hiyo sita, mara mbili umeandika kwa Kiingereza chako, “We manage,” yaani tunajikokota hivyo hivyo. Tangu tumzike wifi, wimbo ni huo huo.

Sasa sikia. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha neno hilo, manage, kidato cha pili. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mdomo kama cherehani, akaniuliza, “Mwalimu, mbona neno la bosi, manager, ndilo hilo hilo la mtu anayejikongoja?” Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia nitawajibu kesho.

Nikafungua ile kamusi kubwa iliyobanduka jalada. Kumbe Waingereza walilipata kwa Waitaliano, na limezaliwa na neno la mkono. Mwanzoni lilikuwa la farasi: kumshika na kumzoeza hadi akutii. Baadaye ndipo likapanda cheo, likaingia majumbani na maofisini. Maana ya kupita penye dhiki kwa taabu ilikuja nyuma.

Kaka, nilipofika kwenye farasi nilifunga kamusi. Nilimwona Baba enzi zake za kutunza farasi, na koti lake la kazi, ananuka nyasi kavu na sabuni ya kusugulia hatamu. Unakumbuka tulivyompelekea chai zizini, tukigombania nani abebe chupa?

Na siku ile ya mtaro? Yule farasi jike wa kijivu, tuliyemwita Bi Mkubwa kwa maringo yake, aliteleza nyuma ya zizi akazama matopeni hadi tumboni. Baba akashika kamba peke yake. Watu walipokuja kusaidia, akawazuia. “Mtamtisha. Namweza mwenyewe.” Akavuta, akambembeleza, akavuta tena. Bi Mkubwa akazidi kuzama. Mimi nililia kwa sababu niliona damu kwenye kamba na sikujua ni ya nani.

Ndipo Baba akageuka. Uso ule sijausahau. Akasema taratibu, “Nishikieni. Nimeshindwa.”

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, nawe ndiye uliyetangulia kuishika kamba. Akafuata seremala, kisha mwosha magari, kisha kila aliyekuwapo. Bi Mkubwa alipotoka alijikung’uta, akatupaka matope sote bila ubaguzi. Baba akakaa chini, viganja vimechunika, akicheka. Nilipomkaribia nikaona machozi.

Hakuna aliyemdharau siku ile. Ndiyo maana nakuandikia haya. Wewe ni Baba mtupu, hata kwa ukaidi. Juzi kwenye simu mtoto alimwambia Mama, “Baba anasahau kula.” Mama alikata simu, akaiacha chai yake ipoe. Mkono mmoja haulei mwana, Kaka, nawe unalea kwa mmoja, maana wa pili umeshika tama.

Shule inafungwa tarehe nne mwezi ujao. Tiketi nimeshakata, basi usipoteze wino kunikataza. Nitakaa hadi muhula ufunguliwe. Nitamsuka mtoto nywele na kumpeleka kucheza, na wewe utalala hadi uchoke kulala.

Shangazi anakusalimu. Fundi viatu jirani anauliza kama bado unakanyaga soli upande mmoja. Mama anakuombea kila alfajiri, anakutaja kwa jina lako la utotoni.

Mungu awafunike wewe na mwanao hadi nifike. Siku ya mazishi sikumlilia wifi vizuri. Nilikuwa na wageni wa kuhudumia. Nikifika tutakaa jikoni kwako, tulie tunavyotaka, kisha tuoshe vyombo.

Akupendaye daima,
Mdogo wako