Upande Wangu wa Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua saluni saa moja na nusu. Mimi tena. Nimefagia, nimepanga vitana, nimechemsha maji ya kuchovya ncha za misuko. Nekesa amefika saa nne, mandazi mkononi, anacheka na kila mtu. Miezi mitatu tu tangu atoke Busia, na tayari wateja wanachungulia mlangoni wakiuliza kama yule msichana mwenye mkono mzuri yuko. Mimi nina miaka minane hapa steji ya 56. Hakuna aliyewahi kuchungulia kuniulizia mimi.

Hajafundishwa na mtu. Anagawa nywele huku akisimulia habari za kwao, hata hatazami, na mstari unatoka sawa. Wateja wake wanasinzia. Leo mmoja amekoroma kabisa, kichwa kimemlalia Nekesa tumboni. Nimemwambia mteja akilala anaharibu kazi. Amecheka tu.

Jumatano, 5 Machi

Mama Wanja, mwenye saluni, anafungua nyingine mtaa wa Olympic mwezi ujao. Mmoja wetu ataisimamia.

Olympic! Kutoka chumba changu hapa Kibera ni dakika kumi kwa miguu. Ningekuwa namwamsha mwanangu Kioko mwenyewe badala ya kumwachia jirani. Ningekuwa na funguo zangu. Naitaka hiyo nafasi.

Nilidhani atanitaja pale pale. Hakunitaja. Eti ataangalia kazi kwanza. Amekuwa akiangalia kazi yangu tangu Kioko akiwa tumboni, bado hajaona?

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nimekaa na doli. Kile kichwa cha plastiki nilichonunua mwaka wangu wa kwanza, nikakipigilia kwenye stuli. Kila jioni kabla ya kupika, mistari kumi. Niwe na homa, mvua inyeshe, stima ipotee, mistari kumi. Leo nimesuka ishirini. Nimevuta mpaka ikanyooka kama imepigwa rula.

Nekesa hana doli. Nilimuuliza mchana huwa anafanyia mazoezi wapi.

"Mi hata sifanyangi, Mama Kioko. Mkono unaenda tu."

Mkono unaenda tu! Nimekasirika mpaka nimeunguza ugali. Kioko amekula wote, hata ulioungua. Mtoto ana akili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mchungaji amesema kila mtu amezaliwa na kipaji chake. Tugeuke tumwambie jirani, una kipaji. Mama wa kando yangu akanigeukia, akaniambia nina kipaji. Hata hanijui.

Na wale wanaoamka mapema je? Hakuwataja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechoka. Vidole vimekufa ganzi. Lakini nimeridhika.

Mwalimu Rispa, anafundisha shule moja ya Riruta, ana harusi Jumamosi. Kichwa cha bibi harusi huwa hatumwachii mtu mmoja. Tunasuka wawili, kila mtu upande wake, bibi harusi amalize mapema akashughulikie mengine. Mama Wanja akatuweka mimi na Nekesa. Mimi kushoto, yeye kulia. Akavuta kiti akakaa nyuma yetu. Hakusema ni mtihani. Hakuwa na haja.

Nekesa akamaliza nusu saa kabla yangu, akaenda kununua mahindi ya kuchoma. Nilivyoudhika! Haraka haraka haina baraka, nilijiambia, na nikakaza kila mstari. Kila mmoja. Nikimwona anavyotafuna mahindi pale mlangoni, nakaza tena. Mwalimu akasema ai, mara mbili tatu. Nikamwambia urembo ni kuvumilia, kama tunavyowaambia wote.

Upande wangu ulikuwa umenyooka kuliko wa Nekesa. Si majivuno. Mama Wanja mwenyewe alipitisha kidole kwenye mistari yangu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Olympic ni yangu. Naiandika hapa niisome siku nikikata tamaa.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Saa tatu Mwalimu alimpigia Mama Wanja simu. Hakulala. Upande mmoja wa kichwa unawaka moto, vipele vimejaa kuanzia kwenye paji la uso hadi sikioni. Amekunywa dawa ya maumivu, wapi. Harusi ni kesho.

Mama Wanja hakuwa hata ameuliza ni upande gani. Mimi nikarukia. Nikasema mbele ya wateja wanne kwamba mtu akifanya kazi akiwaza mahindi, hayo ndiyo matokeo.  Nekesa aliangalia mikono yake.

Mwalimu akaja, akafungua leso. Kushoto.

Upande wangu.

Wote wakanigeukia. Afadhali wangenitukana. Nekesa akamkalisha, akaanza kufumua mistari yangu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, akapaka mafuta, akasuka upya kwa kulegeza. Mimi nilishika sufuria ya maji ya moto. Miaka minane, nashika sufuria! Haikufika nusu saa Mwalimu akawa amelala, mdomo wazi, na vipele vyake vyote.

Nimemwomba Mwalimu msamaha. Nekesa bado. 

Jumatatu, 17 Machi

Amempa Nekesa.

Nilijua, na bado imeniuma kama sikujua. Nilimuuliza Mama Wanja, huyu anayefika saa nne ndiye atakayefungua mlango? Akasema, "Kuamka mapema nitamfundisha. Huo mkono, nitamfundishaje mtu?"

Mimi nimetangulia kwa miaka minane. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na nimekuwa nikiwaambia wengine.

Jioni nimekaa na doli. Nimesuka mstari mmoja nikaacha. Nimelitazama lile doli la plastiki. Mara elfu nimelivuta, na halijawahi kusema ai. Nani angenikanya? Nimefanya mazoezi, ndiyo. Mazoezi ya kuvuta.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwomba Nekesa msamaha. Vibaya, kwa haraka, nikiwa nafagia. Akasema yaliisha zamani. Nikamuuliza anajuaje mahali pa kuachilia. Nilitaka jibu, si kicheko.

Akafikiri. "Nasikianga ngozi ikikataa. Hapo naachilia."

Nikamwambia mimi sisikii kitu. Akaniuliza ni nani hunisuka. Hakuna. Mimi hufunga kitambaa, kila mtu anajua. Akasema Jumapili atakuja.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja baada ya kanisa, saa kumi badala ya saa nane. Amebeba kitana na mandazi ya Kioko. Amenikalisha sakafuni kati ya magoti yake, doli limetukodolea macho kwenye stuli.

Nilikuwa nimejipanga. Niukariri mkono wake, nihesabu anavuta mara ngapi, anaachilia wapi, kidole gani kinaanza. Mstari wa kwanza nimehesabu. Wa pili nimehesabu. Alikuwa anasimulia kuhusu ng'ombe wa mjomba wake aliyeogopa kuku.

Kioko ndiye aliyeniamsha. Jua lilikuwa limeshazama, Nekesa ameshaenda, kichwa chote kimeisha. Kimelala vizuri. Hakuna panapouma.

Sijaona hata alivyofanya. Nimempigia simu nikamwomba aje tena Jumapili, nitakunywa kahawa kwanza.