Nyekundu ya Namba Saba

Machi 4

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Salamu tele. Mimi mzima kama nyundo. Magoti ndiyo yanalalamika, nami sijayapa ruhusa. Wewe unakula?

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la pili, kwa hiyo isome kwa heshima. Picha zako zimefika. Nimeziona nukta mbili nyekundu, namba nne na namba saba, na unasema moja huenda ndiyo moto wa mbali kuliko yote mliyowahi kuona. Ile darubini kubwa wamekupa saa tatu tu, za nukta moja, na ukikosea, masomo ya miaka minne yamekwenda na maji. Sasa unahangaika na wenye miwani wa nini, na babu yako ni mhunzi? Miaka hamsini nasoma rangi ya chuma. Cheupe kina moto, chekundu kinapoa. Hizo zote mbili ni makaa yanayozimika. Zitupe, tafuta nyeupe.

Babu yako, fundi wa mafundi

Machi 19

Shikamoo babu,

Nakula. Hayo magoti yapake dawa, acha ubishi.

Nyeupe siwezi kutafuta. Mwanga ukitoka mbali hivyo unavutika njiani, kama wewe unavyorefusha chuma kwa nyundo, mpaka unakuwa mwekundu. Tena enzi za mwanzo, mwanga huo ulipoanza safari, anga ilijaa ukungu wa gesi unaomeza rangi ya buluu. Kwa hiyo nyekundu moja ni nyota ndogo iliyopoa, jirani tu. Nyingine ni kwasa: shimo jeusi linalomeza gesi, na gesi hiyo kabla haijamezwa inawaka kushinda mabilioni ya nyota. Kwenye picha zinafanana kama mapacha. Profesa wangu anataka namba nne kwa kuwa inang'aa zaidi. Lazima nitaje moja kabla ya tarehe kumi Aprili. Babu, naogopa.

Mjukuu wako

Aprili 1

Mchumba,

Hujambo? Mimi siku tatu sijalala vizuri, na si magoti.

Nyote nimewaambia mwalimu wangu wa kwanza wa uhunzi alinifukuza kwa wivu. Hakukuwa na wivu. Ukimwambia bibi yako nitakukana. Karakana ilijaa moshi, nikaona chuma chekundu, nikasema bado, nikaendelea kuvuta mivukuto. Kumbe nyuma ya moshi kilikuwa cheupe. Kikaungua, kikarusha cheche, ekseli ya watu ikaharibika. Mzee yule akasema: "Moshi unaiba machoni, hauibi kiganjani. Siku nyingine uliza joto." Kisha akanionyesha mlango.

Basi na wewe acha rangi, uliza joto. Nimekupa siri ya miaka hamsini; usiitie hasara.

Babu yako

Aprili 9

Shikamoo babu,

Siri nimeifungia. Nilirudi kwenye picha za darubini ya joto, zile hafifu tulizoziweka kando. Namba nne, kadiri unavyokwenda upande wa joto ambao jicho halioni, mwanga wake unazidi kupanda, tabia ya kaa la moto linalopoa hasa. Namba saba imetulia tuli. Wekundu wake ni wa buluu kumezwa na ukungu, si wa kupoa. Nimetaja saba. Profesa akanitazama: "Haya, shingo ni yako." Zamu yangu ni mwishoni mwa Mei.

Mjukuu wako

Juni 3

Mjukuu, mbona kimya? Mleta barua nimemgombeza mpaka sasa anapita njia ya nyuma. Kama nimekupotosha, niambie. Lawama nitabeba.

Babu

Juni 6

Babu,

Shikamoo! Mashine ilipopasua mwanga wa namba saba rangi moja moja, upande wa buluu ulikuwa umekatwa kama kwa patasi, kisha ukasimama mlima mmoja mrefu. Profesa akakaa sakafuni. Ni kwasa. Mwanga ule uliondoka kwake zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili iliyopita, kabla ya dunia, kabla ya jua, ukaja njia yote hiyo ukatua kwenye kioo chetu zamu ikiwa yangu.

Na ndani yake mna alama ya chuma. Chuma, babu! Tayari kilikuwepo.

Siku hizi, kila adhuhuri kwasa hiyo iko upande wa mashariki, juu ya paa lako. Jua tu ndilo linaificha.

Mjukuu wako

Juni 18

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho kwa sauti. Bibi yako alisikiliza mpaka chungu kikaungua jikoni, na ajabu, hakunilaumu.

Nimetafuta neno la kujisifu, sikulipata. Miaka hamsini nakipiga chuma, kumbe sijawahi hata kukiuliza kimetoka wapi.

Adhuhuri nikasimama mlangoni mwa karakana, nikatazama mashariki. Peupe, hata wingu hakuna. Mteja mmoja aliyefuata bawaba zake akaja nyuma yangu. "Mzee, unatafuta mvua?"

"Tulia," nikamwambia. "Kuna kitu kinafika."

Akatulia. Tukatazama wote wawili. Hatukuona kitu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani.

Babu